Inafia asilimia 13, inafia asilimia 63

Swali: "Shikamoo fundi. Nafanya video za harusi hapa Morogoro, huu ni mwaka wa pili. Nahariri kwa programu ya Premiere Pro kwenye laptopu ya Core i7, RAM GB 16, kadi ya picha NVIDIA ya GB 2. Nina video ya harusi ya saa 1 na dakika 40 inayogoma kutoka. Nikirenda, yaani kuitoa iwe faili moja la kutazama, mara nyingi inakatika ikifika asilimia 63, na safari nyingine inafia asilimia 13. Nimekwenda kuangalia dakika ya 63, ni watu wanakula tu, hakuna efekti yoyote. Nikaikata sehemu ile, bado. Nimefuta programu na kuiweka upya mara mbili, nimebadili kwenda Software Encoding, wapi! Mipangilio yangu ni H.264, 1080p, fremu 25, VBR 2 pass, 16 Mbps. Siku moja ilimaliza usiku wa manane, lakini sauti ya MC ikawa inaachana na midomo kadiri video inavyokwenda, na nilipotaka kuihamishia kwenye flashi ya mteja ya GB 32 nikaambiwa faili ni kubwa mno, wakati flashi ni tupu. Diski imebaki GB 30. Mteja anataka kazi yake Jumamosi. Nimekuambatanishia picha ya skrini."

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa kukesha. Umefanya jambo moja ambalo wengi hawafanyi: umetaja asilimia zote mbili. Wengine huniandikia "inakatikakatika" basi, na hapo huwa sina pa kuanzia. Wewe umesema 13 na 63. Toa 13 kwenye 63, inabaki 50 kamili, na hapo ndipo nilipocheka peke yangu.

VBR 2 pass maana yake programu inaipitia video yako yote mara mbili. Safari ya kwanza inapima tu: wapi pana mwendo mwingi, wapi pametulia, biti nyingi ziende wapi. Safari ya pili ndipo inaandika. Mstari wa asilimia unahesabu safari zote mbili kwa pamoja, hivyo nusu ya kwanza ni ya kupima na nusu ya pili ni ya kuandika. Asilimia 13 ni 13 kati ya 50 za safari ya kwanza, yaani umefika asilimia 26 ya video. Asilimia 63 ni 13 nyingine kati ya 50 za safari ya pili. Umefika asilimia 26 ileile. Video yako ina dakika 100. Mwizi wako amejificha dakika ya 26, nawe umekwenda kumsaka kwenye sahani za pilau dakika ya 63.

Hata usingepiga hesabu hiyo, jibu lilikuwa kwenye picha uliyoniambatanishia. Watu wakiona lile dirisha la kosa husoma mstari wa juu, "Error compiling movie", roho inawauma, wanabonyeza OK. Mstari ule hauna habari yoyote. Ni sawa na kwenda hospitali ukaambiwa "unaumwa". Shuka chini yake. Kwenye picha yako kuna "Accelerated Renderer Error", halafu "Around timecode: 00:26:14:09", halafu ile namba ndefu yenye alama ya kutoa, -1609629695. Hiyo timukodi inasomwa saa, dakika, sekunde, fremu: dakika ya 26, sekunde ya 14, fremu ya 9. Na "Accelerated Renderer" ni kadi yako ya picha inayosema imeshindwa kutengeneza fremu. Tumeshapata mahali, na tumeshapata mshukiwa.

Kabla sijaenda huko, nikueleze kwa nini Software Encoding haikukusaidia, maana swichi hiyo imewapotosha wengi. Kadi ya picha inaingia kazini mara mbili wakati wa kurenda. Kwanza inatengeneza fremu: inarekebisha rangi, inakuza, inafifisha, inachanganya tabaka. Fremu ikishakuwa tayari ndipo inakwenda kubanwa kuwa H.264, muundo wa kubana video, na kazi hiyo ya kubana nayo inaweza kufanywa na chipu maalumu au na prosesa. Swichi uliyoigusa, iliyoko kwenye dirisha la kurenda, inahusu kubana tu. Na kwa mipangilio yako haikubadili kitu chochote, kwa sababu ubanaji wa chipu haufanyi 2 pass. Ulipochagua 2 pass programu ilikuwa imeshakurudisha kwa prosesa yenyewe kimyakimya. Swichi ya kutengeneza fremu iko kwingine kabisa: menyu ya File, Project Settings, General, pale palipoandikwa Renderer. Hapo utakuta "GPU Acceleration" (GPU ndiyo kadi ya picha) na "Software Only". Kosa lako linatoka upande huu.

Na kufuta programu na kuiweka upya? Hakugusi mradi wako hata kidogo. Unarudi na programu mpya, unafungua taimulaini ileile, unakutana na fremu ileile. Mimi hatua hiyo huiweka mwisho kabisa, baada ya kujaribu kila kitu.

Sasa tuende dakika ya 26. Nyuma ya dirisha la kosa naona kipande cha taimulaini yako: picha mnato, nyingi, zimepangwa kwenye traki mbili, na majina yake yanaanza na DSC. Bila shaka ni zile picha za bibi harusi akipambwa, alizokupa mpiga picha kwenye flashi, na umezitia kama zilivyotoka kwenye kamera. Nyingi ni za wima. Na kwa kuwa picha ya wima inaacha weusi pembeni, umefanya tunavyofanya sote: umeweka nakala ya picha hiyohiyo kwenye traki ya chini, ukaikuza, ukaitia ukungu. Inapendeza. Ila tuhesabu inagharimu nini.

Picha ya megapikseli 24 ni takriban pikseli 6000 kwa 4000. Kwenye diski unaiona ina MB 8 au 10 kwa sababu ni JPEG, imekunjwa. Kadi ya picha haiwezi kufanya kazi na kitu kilichokunjwa. Inaikunjua, na inapochakata kwa biti 32 kila pikseli moja inachukua baiti 16: nyekundu, kijani, bluu na uwazi, baiti 4 kila moja. Milioni 24 mara 16 ni milioni 384. Picha moja, MB 384. Una nakala mbili, ya juu na ya ukungu: MB 768. Na kwenye 26:14 una mpito wa kufifia kutoka picha moja kwenda nyingine, kwa hiyo kwa muda huo picha nne ziko mezani kwa pamoja: MB 1,536. Kadi yako nzima ni GB 2, na humo humo Windows inachora skrini, kivinjari chako kilichofunguliwa kinachukua chake, na efekti ya ukungu yenyewe inahitaji meza ya pembeni ya kufanyia kazi. Kwa miaka kadhaa Adobe walipendekeza kadi ya GB 4 kwa kazi za HD, na hapa unaona kwa nini.

Hii ndiyo sababu safari nyingine inavuka 13 ikaja kufia 63. Uko ukingoni kabisa. Siku kivinjari kimefungwa, safari ya kupima inapenya kwa kubana pumzi. Safari ya pili nafasi imepungua kidogo, inakwama. Na ule usiku wa manane ilipomaliza, nina hakika ulikuwa umefunga kila kitu ukalala.

Dawa yenyewe ni rahisi hadi inaudhi. Punguza picha kabla ya kuziingiza. Video yako ina upana wa pikseli 1920. Hata ukitaka kuisogeza picha polepole kwa kuikuza asilimia 20, unahitaji pikseli 2304. Ziweke 2400 kwa upande mrefu, hapo umeacha na nafasi ya kupumua. IrfanView inazipunguza zote kwa mkupuo: File, Batch Conversion, unachagua folda, unaandika ukubwa, unaenda kunywa chai. Picha ya 2400 kwa 1600 ikikunjuliwa ni MB 61 hivi. Nne kwa pamoja hazifiki MB 250. Hifadhi kwenye folda mpya kwa majina yaleyale, kisha kwenye Premiere chagua picha zote, "Make Offline", halafu "Link Media", uielekeze kwenye folda mpya. Tahadhari moja: ukubwa wa Scale ulioweka kwenye kila picha utabaki ulivyo, na picha sasa ni ndogo, kwa hiyo itabidi uzipandishe. Ya kwanza unairekebisha kwa mkono, nyingine unazibandikia kwa "Paste Attributes", wima peke yake na mlalo peke yake.

Kama picha ni 80 na huna moyo wa kuzirekebisha usiku huu, kuna njia ya mkato ninayoipenda. Weka alama ya kuingilia dakika ya 24 na ya kutokea dakika ya 29, au popote picha zinapoanza na kuisha. Nenda kwenye Project Settings, weka "Software Only". Sasa kazi inafanywa na prosesa kwa kutumia RAM yako ya GB 16, ambayo ni kubwa kuliko GB 2. Itakuwa polepole, lakini ni dakika tano tu za video. Toa kipande hicho kwa ProRes 422, muundo usiobana sana, usitumie H.264, kwa sababu utakuja kukibana tena. Tenga nafasi ya GB 4 na nusu hivi. Kikitoka, kiingize, kilaze juu ya sehemu ileile kwenye traki ya juu kabisa, zima klipu za picha zilizo chini yake na uhakikishe sauti haijajirudia. Rudisha GPU, renda video nzima. Kadi sasa inakutana na klipu moja ya kawaida pale ilipokuwa inakutana na mlima.

Kuna wanaokushauri uweke "Software Only" kwa video nzima na kuiacha ilale ikifanya kazi. Itakubali, siwapingi. Lakini dakika 100 zenye marekebisho ya rangi kwa prosesa peke yake ni usiku mzima na pengine asubuhi yake, na usiku mzima ni muda mrefu wa kuombea waya usiguswe.

Ngoja nikusimulie. Miaka ya nyuma nilikuwa natoa sendofu, saa mbili na ushee, mashine ya mezani isiyo na betri wala UPS. Imefika asilimia 96, mtoto wa jirani akapita anakimbiza mpira, akaukanyaga waya wa ekstensheni. Nilipowasha nikalikuta faili lipo, GB kadhaa, zima kabisa kwa macho. Halifunguki. Si VLC, si kitu kingine. MP4 ina kitu kama fahirisi, orodha inayomwambia msomaji kila fremu iko baiti ya ngapi, na kwa kawaida orodha hiyo huandikwa mwisho, kazi ikishakamilika. Bila hiyo una gunia la karatasi zisizo na namba za kurasa. Tangu siku hiyo kazi ndefu naitoa vipande. Yako ya dakika 100 ingekuwa vipande vinne vya dakika 25, vyote kwa mipangilio ileile bila kubadili hata nukta, kisha naviunga kwa LosslessCut, ambayo ni ya bure na inaunganisha bila kubana upya. Inachukua muda wa kunakili faili tu. Wanaopenda mstari wa amri wataandika orodha ya vipande kwenye faili la maandishi na kutumia FFmpeg:

ffmpeg -f concat -safe 0 -i orodha.txt -c copy harusi.mp4

Kata mahali penye ukimya au giza, kwa mfano maharusi wanapotoka kanisani na picha inafifia, kwa sababu kwenye kiungo sauti ya AAC inaweza kutoa mkwaruzo mdogo. Kipande kimoja kikifa, umepoteza dakika 25 tu, vipande vitatu viko salama.

Diski. Faili lako kwa 16 Mbps, yaani megabiti 16 kila sekunde: dakika 100 ni sekunde 6,000, mara 16 ni megabiti 96,000, gawa kwa 8, ni MB 12,000. GB 12. Una 30, unaona zinatosha. Lakini Premiere inapotoa MP4 huandika kwanza picha peke yake na sauti peke yake, ndiyo yale mafaili ya .m4v na .aac unayoyaona yamezagaa kwenye folda, kisha inaviunganisha. Wakati wa kuunganisha unahitaji karibu mara mbili: GB 24. Na kila jaribio lililokufa linaweza kuwa limekuachia mabaki yake. Ingia kwenye folda hiyo sasa hivi, panga kwa tarehe, futa. Ukikuta siku moja inafia asilimia 99, anzia hapa.

Joto silioni kwenye kesi yako. Mashine iliyozidiwa na joto, au RAM mbovu, inakufa mahali tofauti kila mara, leo 22, kesho 71, na mara nyingi laptopu nzima inazima au inajiwasha upya bila dirisha lolote la kosa. Hata hivyo usirende laptopu ikiwa kitandani. Vifuniko vinne vya soda chini ya pembe zake, mlango wazi, yatosha. Draiva ya NVIDIA nayo iweke ile ya Studio badala ya ile ya wacheza gemu, lakini usitegemee kwamba itaigeuza GB 2 kuwa 4.

Najua swali linalofuata, kwa sababu kila mtu huuliza: nihamie DaVinci Resolve? Ni programu nzuri sana, toleo la bure linatosha kwa harusi za 1080p, na kama Premiere yako ni ile ya kupewa na rafiki kwenye flashi, basi ningekushauri uhame hata leo, maana nusu ya makosa ya toleo lililovunjwa hakuna fundi anayeweza kukueleza yanatoka wapi. Ila usihame kwa sababu ya tatizo hili. Resolve inaitegemea kadi ya picha kuliko Premiere, na kwa GB 2 na picha zile ingekuandikia "GPU memory is full" kabla hujafika kanisani.

Tuje kwenye sauti ya MC, ambayo ni ugonjwa mwingine kabisa na haina undugu na wa kwanza. Umesema inaachana "kadiri video inavyokwenda". Maneno hayo ni muhimu. Sauti ikiwa imepishana kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, umeipanga vibaya tu, isogeze. Ikiwa mwanzo iko sawa na mwisho iko mbali, kuna kitu kinahesabu muda tofauti. Naweka dau kwamba upande wa MC ulirekodiwa kwa simu.

Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Unaiwekea 30, na kwenye jua inatoa 30. Ukumbini taa zikipunguzwa ili keki iingie, simu inahitaji mwanga zaidi kwa kila fremu, inashuka 27, 24, kisha taa zikirudi inapanda. Kila fremu imeandikiwa muda wake, na simu yenyewe ikiicheza inafuata muda huo, ndiyo maana kwenye simu iko sawa. Programu ya kuhariri inapenda mwendo mmoja. Premiere hujitahidi kuzisoma klipu za namna hii, lakini klipu ya dakika 40 iliyopandisha na kushusha mara mia ni mtihani, na kosa la fremu moja hapa na moja pale linajumlishwa.

Hakikisha kwanza. Pakua MediaInfo, fungua klipu, tafuta "Frame rate mode". Ikiandika Variable, umepata. Itie kwenye HandBrake, kwenye ukurasa wa Video weka fremu 25 na uchague "Constant Framerate" badala ya "Peak", ubora RF 16 au 18 ili usipoteze kitu, na ukurasa wa Audio uweke 48 kHz. Halafu kwenye Premiere bofya kulia klipu ya zamani, "Replace Footage", chagua mpya. Sitakuficha: mikato uliyokwisha kufanya kwenye klipu hiyo inaweza kusogea fremu chache, kwa hiyo pitia kila penye mdomo unaoonekana. Kazi ijayo, badilisha kabla ya kuhariri, na kama ni iPhone, ndani ya mipangilio ya kamera kuna kitufe cha kuonyesha miundo ya PAL. Kikiwashwa unapata fremu 25.

Ukikuta simu haina kosa na sauti ya MC ilitoka kwenye kinasa cha pembeni kilichochomekwa kwenye mixa, basi ni saa mbili ambazo hazikubaliani, ya kamera na ya kinasa. Hapo kata sauti kila baada ya dakika kumi kumi, kwenye ukimya, na uisogeze upya. Hakuna atakayesikia.

Mwisho ni flashi. Flashi tupu ya GB 32 kukataa faili la GB 12 inachanganya kweli, lakini haihusiani na nafasi. Flashi nyingi za ukubwa huo hutoka dukani zikiwa na mfumo wa FAT32, ambao hauwezi kubeba faili moja linalozidi GB 4, hata kama flashi ni tupu kabisa. Ukiifomati upya kwa exFAT tatizo linaisha kwenye kompyuta, lakini linaweza kuhamia sebuleni kwa mama mkwe, kwa sababu TV za zamani nyingi hazisomi exFAT. Mteja hatajua exFAT ni nini. Atajua tu kwamba wewe umempa flashi mbovu.

Unaweza kuibana video nzima ikae chini ya GB 4: MB 4,000 mara 8 ni megabiti 32,000, gawa kwa sekunde 6,000, ni 5.3 Mbps, na sauti imo humo. Kwenye hotuba utaona iko safi. Ngoja maharusi waanze kucheza, zile karatasi za kumetameta zirushwe hewani na taa za rangi ziwazungukie: picha itavunjika vigae vigae. Bi harusi alilipia dakika hizo kuliko hotuba zote. Mimi hugawa mara mbili, Kanisani na Ukumbini. Kila nusu ni sekunde 3,000. Kwa 10 Mbps na sauti juu yake unapata MB 3,800 hivi, inaingia kwenye FAT32 na inabaki nafasi kidogo. Tumia CBR (kiwango cha biti kisichobadilika) au VBR 1 pass yenye kikomo cha 10, ili isije ikafutuka ikapita. Profaili High, leveli 4.1, sauti AAC. TV karibu zote zinaikubali. HEVC, mrithi wa H.264, inabana vizuri zaidi, ila kwa TV usizozijua ni kamari.

Lile faili la 16 Mbps libaki kwako kama kumbukumbu, na likihitajika YouTube lipo tayari. Wao kwa 1080p ya fremu 25 wanapendekeza 8 tu. Wakitaka kipande kwenye WhatsApp, kitume kama dokumenti, ambayo inakubali hadi GB 2. Ukituma kama video itabanwa hadi sura zipotee.

Usirende moja kwa moja kwenye flashi. Toa kwenye diski, kisha nakili, kisha "Eject", usichomoe kwa pupa.

Kwa kuwa Jumamosi iko mlangoni, ningekuwa wewe leo usiku ningefuta mabaki kwenye diski na kuitia klipu ya simu kwenye HandBrake nilale. Asubuhi ningebadilisha klipu, nipitie midomo ya MC, nitoe kile kipande cha picha kwa "Software Only". Mchana nirende vipande, 1 pass, GPU imewashwa, kivinjari kimefungwa. Kikitoka kipande chenye dakika ya 26 nikitazame chote kabla sijaendelea na vingine. Na flashi ikishakuwa tayari, ichomeke kwenye TV ya jirani, iliyo ya zamani kuliko zote mtaani kwenu, usogeze mbele hadi bi harusi anapofungwa shela, uone kama inapita.